Uliza Fundi: Katizo linapoigandisha mashine

Barua nilizochagua mwezi huu zimetoka kwa watu wenye mashine tofauti, ila kilio chao ni kimoja: programu inakwenda vizuri, kisha inaganda au inachora takataka, na haifanyi hivyo kila mara. Kosa la namna hii linachosha kwa sababu ukilitafuta linajificha. Nimesoma misimbo mingi ya makatizo (ishara zinazoifanya prosesa iache kazi yake kwa muda na kutekeleza kipande kingine cha programu, yaani rutini ya katizo) ya kompyuta hizi za nyumbani za miaka ya 1980, na kuna jambo nalisisitiza kila ninapopata nafasi: mara nyingi rutini ya katizo haina kosa. Kosa limo kwenye programu kuu, pale mwandishi alipodhani hataingiliwa. Barua ya kwanza ni tofauti kidogo, lakini hata yenyewe inaishia huko huko. Namba zenye $ mbele ni za mfumo wa kumi na sita.

Kielekezi kinapepesa ovyo, kibodi haijibu

"Fundi, salaam. Nina Commodore 64 (C64) ya PAL, ile ya TV ya fremu 50 kwa sekunde. Nimeandika rutini ya asembli inayobadilisha rangi ya mandhari skrini inapofika mstari wa 100. Anwani yake nimeiweka kwenye $0314 na $0315, na mwisho wake inaruka $EA31. Nikiiwasha, kielekezi cha BASIC kinapepesa kwa kasi isiyo ya kawaida na hakuna herufi ninayochapa inayotokea. Rafiki yangu kanishauri niongeze NOP mpaka itulie. Nimeongeza, haijatulia."

Salaam, ndugu yangu. Achana na NOP, amri isiyofanya lolote ila kupoteza muda. Hizo huwekwa na mtu anayejua tayari anahitaji mizunguko mingapi ya saa. Kuziongeza kwa kubahatisha ni kuhamisha kosa tu.

Umefanya vizuri kuandika dalili zote mbili, maana kwa pamoja zinatoa jibu. Kielekezi cha C64 hupepeswa na rutini ya katizo iliyo ndani ya ROM, hiyo hiyo ya $EA31. Kutoa herufi skrini ni kazi ya programu kuu. Kama kielekezi kinakwenda mbio na herufi hazitoki, basi katizo linaingia mfululizo, na programu kuu haipati nafasi ya kutekeleza hata amri moja. Ukiwa na emuleta (programu inayoiga mashine) yenye monita ya kukagua kumbukumbu unaweza kulithibitisha: bonyeza vitufe vitatu au vinne, simamisha mashine, kisha tazama baiti ya $C6. Hapo ndipo ROM inapohesabu herufi zinazosubiri kuchukuliwa. Utakuta zimo, zimesomwa zote, ila hakuna wa kuzichukua.

Sababu ni kwamba hukumwitikia anayebisha. Chipu ya picha, VIC-II, ikifika mstari uliouomba, inabisha hodi kwenye waya wa katizo, IRQ, na inaendelea kubisha mpaka iitikiwe. Prosesa ikimaliza rutini yako na kufika RTI, amri ya kurudi kwenye programu kuu, inakuta hodi ingalipo, inarudi mlangoni. Kuitikia ni kuandika 1 kwenye biti ya 0 ya $D019: LDA #$01, kisha STA $D019. Angalia sana hapo. Wengi huandika 0 wakidhani wanafuta, na chipu haiwasikilizi kabisa.

Utakutana pia na watu wanaoitikia kwa ASL $D019, amri moja tu. Inafanya kazi kwenye 6510, prosesa ya C64, kwa sababu prosesa za ukoo huo, zinapobadilisha baiti ya kumbukumbu, huandika kwanza thamani ya zamani kabla ya mpya, na ni ile ya zamani inayofuta katizo. Kwenye 65C02 prosesa husoma mara mbili badala ya kuandika mara mbili, na ujanja huo unakwama. Mimi naandika LDA na STA. Baiti chache zaidi hazijawahi kumwangusha mtu.

Ukishaponya hilo utakutana na la pili, nikujulishe mapema. Rangi itaanza kurukaruka juu na chini. C64 ikiwashwa tu, taima A ya chipu ya CIA 1 hutoa katizo kama mara 60 kwa sekunde, na katizo hilo nalo linapita $0314. Kwa hiyo rutini yako inaitwa na wawili: VIC-II mahali pale pale kila fremu, na taima popote inapojisikia. Andika $7F kwenye $DC0D ili kuizima, kisha isome $DC0D mara moja kuondoa ombi linaloweza kuwa limeshaingia. Yote haya yafanye kati ya SEI na CLI, amri za kufunga na kufungua IRQ. Hata kubadilisha $0314 na $0315 ni lazima kuwe ndani ya ulinzi huo, kwani katizo likiingia baada ya kuandika baiti ya kwanza na kabla ya ya pili, prosesa itarukia anwani ambayo nusu ni yako na nusu ni ya ROM.

Taima ikishazimwa, kibodi itasomwa na rutini yako tu, kwa hiyo ruka $EA31 mara moja kwa kila fremu. Ukiwa na makatizo manne kwenye skrini, moja liende $EA31 na matatu yatoke kupitia $EA81, ambayo hurudisha rejista tu na kuondoka. Na usishangae saa ya TI ya BASIC ikichelewa: inahesabu kwa sitini, nawe unailisha hamsini.

Sasa la tatu, ambalo hukuliuliza, na ndilo lililonifanya niipe barua yako nafasi ya kwanza. Biti ya 7 ya $D011 ina sura mbili. Ukiisoma, inakuambia kama mstari unaochorwa sasa umepita 255. Ukiiandika, inakuwa biti ya tisa ya mstari unaousubiri. Tuseme baadaye unaongeza kusogeza skrini, na programu kuu inasoma $D011, inabadilisha biti tatu za chini, inairudisha. Ikifanya hivyo wakati mstari unaochorwa ni wa 270, imesoma 1 na kuandika 1. Tangu hapo husubiri tena mstari wa 100, unasubiri wa 356. PAL ina mistari 312. Katizo halitakuja, na utaitafuta rutini yako usiku kucha ilhali haina hatia yoyote. Kabla ya kurudisha $D011 pitisha AND #$78, ili biti ya 7 ifutwe pamoja na zile tatu unazozibadilisha.

RESTORE inaua programu

"Naanza kwa SEI, naweka $35 kwenye anwani ya 1 ili nipate RAM iliyo chini ya ROM, na CLI siitumii kabisa. Lakini kitufe cha RESTORE kikiguswa tu, mashine inapotea. Je, SEI yangu imekosewa wapi?"

Haijakosewa. SEI huzuia IRQ, na RESTORE imeunganishwa na NMI, katizo la aina nyingine ambalo halizuiliki kwa amri yoyote ya prosesa. Kwa kuwa ROM umeiondoa, vekta ya NMI, yaani anwani ya kurukia, inasomwa kwenye RAM, $FFFA na $FFFB, na huko hujaweka kitu. Weka hapo anwani ya RTI yako na mambo yatatulia. Anayebaki na ROM afanye hivyo hivyo kwenye $0318 na $0319.

Kuna njia ya pili ninayoipenda zaidi. Tofauti na IRQ, NMI inajali tu ile hodi ya kwanza, yaani waya unaposhuka kutoka juu kwenda chini. Iambie taima A ya CIA 2 itoe NMI mara moja, na rutini yako isiisome $DD0D kamwe. Waya unabaki chini. RESTORE haiwezi kuushusha waya ulioshuka tayari, kwa hiyo inakuwa kitufe kisichofanya lolote.

Inaanguka ikichomekwa joystick tu

"Mchezo wangu wa ZX Spectrum 48K unatumia IM 2, hali ya pili ya katizo. Rejista I ina $FE, na anwani ya rutini iko $FEFF na $FF00. Kwenye emuleta sijaona kosa hata siku moja. Kwenye mashine halisi, nikichomeka kiolesura cha joystick nyuma, unacheza kidogo kisha mashine inaanza upya."

Kwenye IM 2 prosesa ya Z80 inaunda anwani kwa vipande viwili: baiti ya juu inatoka rejista I, na ya chini inachukuliwa kwenye waya za data papo hapo katizo linapokubaliwa. Z80 ilitengenezwa kwa mifumo ambayo kifaa kinachokatiza huweka namba yake hapo. Kwenye Spectrum hakuna kifaa kinachofanya hivyo, na waya zikiachwa zenyewe kwa kawaida husomeka 255. Wewe umejengea juu ya hiyo 255. Kiolesura chako kinazivuta baadhi ya waya, namba inatoka nyingine, na Z80 inasoma anwani ya rutini mahali ambapo hukuandika chochote. Emuleta nyingi hutoa 255 daima, ndiyo maana kule ulikuwa salama.

Dawa ni jedwali linalojibu namba zote 256. Linahitaji baiti 257, kwa sababu namba 255 inasoma baiti ya 255 na ya 256. Jaza $FE00 hadi $FF00 kwa $FD tupu. Namba yoyote itakayokuja, anwani itakuwa $FDFD. Hapo weka JP, amri ya kuruka, na anwani ya rutini yako, baiti tatu, ambazo zinaishia $FDFF, mlangoni kabisa mwa jedwali. Msiamini wanaosema namba lazima iwe shufwa na hivyo nusu ya jedwali inatosha. 255 yenyewe ni witiri, na ndiyo inayokuja mara nyingi.

Jedwali lenyewe usiliweke mahali panapoifanya I kuwa kati ya $40 na $7F. Z80 inapoburudisha kumbukumbu huiweka I kwenye waya za anwani, chipu ya ULA, inayochora picha, inadhani prosesa inataka ile RAM ya skrini, na picha inajaa chengachenga.

Wapo wanaokwepa kupoteza baiti 257 kwa kuiweka I kuwa $39. Sehemu hiyo ya ROM ya 48K imejaa $FF, kwa hiyo prosesa inarukia $FFFF. Hapo unaweka $18, yaani JR, amri ya kuruka kwa umbali, na umbali wake unasomwa kwenye anwani inayofuata, ambayo ni 0, mwanzo wa ROM, penye $F3. Unatua $FFF4. Ni kazi ya kichwa kinachofikiri na naiheshimu. Lakini inategemea ROM yenye yaliyomo hayo hayo, na mashine yenye ROM nyingine haikuahidi kitu. Kama baiti 257 unazo, zitumie.

Adui anageuka nikibonyeza kitufe

"Mimi pia ni wa Spectrum, ila nimebaki na IM 1 ya kawaida. Taarifa za maadui nazisoma kwa rejista IY. Kila kitu sawa, isipokuwa mara kwa mara adui mmoja anabadilika umbo au anahama mahali. Nimegundua ni pale mchezaji anapobonyeza kitufe, lakini rutini yangu ya kibodi haigusi maadui kabisa."

Rutini yako haigusi. Rutini ya ROM ndiyo inayogusa. Kwenye IM 1 prosesa hurukia $0038 mara 50 kwa sekunde, na ROM inahesabu fremu kisha inasoma kibodi. Kazi yote hiyo inaamini kwamba IY ina $5C3A, mahali pa vigeu vya mfumo. Ikipata kitufe kipya inaiwasha biti ya 5 ya baiti iliyo IY+1. Wewe IY yako iko kwa adui, kwa hiyo biti ya 5 ya baiti yake ya pili inawaka. Kama baiti hiyo ni mahali alipo, amehama hatua 32.

Hata asiyebonyeza chochote hajaokoka. Kihesabu cha fremu kina baiti tatu, na ile ya juu inaongezwa kupitia IY+$40 kila zile mbili za chini zinapozunguka, yaani kila fremu 65,536. Kwa fremu 50 kwa sekunde ni kama dakika 22. Mjaribu mchezo wako kwa dakika kumi kila siku na hutaliona kosa hilo maisha.

Ushauri wangu: hamia rejista IX, au hamia IM 2 yenye rutini yako mwenyewe. Kufunga makatizo kwa amri ya DI kila unapogusa IY kunawezekana, lakini kutakutesa. Ishara ya katizo kwenye Spectrum hudumu mizunguko 32 hivi ya saa na haihifadhiwi popote. Ikipita umefunga, imepotea, na muziki wako utakwama kwa fremu moja.

Takataka skrini, mahali tofauti kila mara

"Fundi, nina MSX. Ninaandika moja kwa moja kwenye VRAM, kumbukumbu ya picha, kupitia poti $98 na $99 ili kupata kasi. Takriban mara moja kwa dakika, herufi zinatokea mahali pasipo pake. Nimehakiki hesabu ya anwani mpaka macho yameuma. Rutini yangu iko kwenye H.TIMI, mahali BIOS inapopaita kila fremu, na inacheza muziki tu."

Hesabu yako iache, iko sawa. Anwani ya VRAM inakwenda kwa VDP, chipu ya picha, kwa baiti mbili kupitia poti ile ile ya $99, na VDP inakumbuka kama imeshapokea ya kwanza. Katizo likiingia katikati ya hizo mbili, BIOS inasoma rejista ya hali, nayo iko poti $99. Kuisoma kunafuta ile kumbukumbu. Ukirudi na kutuma baiti yako ya pili, VDP inaipokea kama ya kwanza, na tangu hapo mko hatua mbili tofauti. Muziki hauhusiki. Hata usingekuwa na rutini yoyote kosa lingekuwepo.

Weka DI kabla ya OUT ya kwanza. EI, amri ya kufungua makatizo, iweke mara tu kabla ya OUT ya pili, maana Z80 huchelewesha EI mpaka amri inayofuata iishe, na jozi yako inabaki salama. Kufunga kwa muda mfupi hapa hakupotezi katizo, kwa kuwa VDP inashikilia ombi lake mpaka rejista ya hali isomwe. Ukituma data kwenye $98 baada ya hapo unaweza kuacha makatizo wazi, kwa sharti kwamba rutini ya H.TIMI haigusi VRAM. Siku utakapoifanya ihamishe sprite (kipicha kinachosogea), itaibadilisha anwani uliyoiweka wewe, na itabidi ufunge kipande chote, au umuachie mmoja tu kazi ya VRAM. Mimi ningechagua la pili: rutini iwashe baiti moja ya bendera, programu kuu iione na ihamishe sprite yenyewe.

Na kwa kuwa umetaja H.TIMI: hifadhi baiti tano zilizokuwepo na uziite baada ya zako, huku ukiirudisha rejista A kama ulivyoikuta, kwani ndani yake mna hali ya VDP. Kwenye mashine nyingi zenye diski, rutini inayozima mota ya diski huning'inia hapo. Halafu programu kuu isithubutu kuisoma rejista ya hali ili kusubiri fremu mpya, itaiibia BIOS bendera yake. Tazama JIFFY, kihesabu cha fremu kilichoko $FC9E, ikibadilika fremu imepita.

Nitajuaje kama rutini ni ndefu mno?

"Swali fupi, Fundi. C64, muziki na sprite nane. Nahofia rutini ya katizo inakula muda wote."

Weka INC $D020 mwanzoni mwa rutini na DEC $D020 mwishoni. Ukingo wa skrini utatoa ukanda wa rangi nyingine, na unene wake ndio muda wa rutini yako. Kwa PAL kila mstari una mizunguko 63, na fremu nzima 19,656. Ukanda wa mistari 20 ni mizunguko 1,260. Usipime penye maandishi, maana kila mstari wa nane huko VIC-II inachukua mizunguko 40 au zaidi kwa ajili yake na ukanda utaonekana mnene kuliko ukweli. Sprite nazo zinachukua zake. Sogeza katizo chini ya eneo la maandishi ndipo uhesabu.

Ukanda ukivimba na kusinyaa, tafuta tawi linalochukuliwa baadhi ya fremu tu. Kwenye muziki huwa ni noti mpya inapoanza. Ukiona kanda mbili ilhali uliomba katizo moja, taima ya CIA 1 bado iko hai. Mwenye Spectrum afanye hivyo hivyo kwa OUT ya poti $FE, rangi ikiwa biti 0 hadi 2, na biti ya 4 aiache ilivyo la sivyo spika italia. Ukimaliza usiifute mistari hiyo miwili, iweke ndani ya sharti la asembla ili uiwashe tena utakapoongeza kitu kipya kwenye rutini.